Rili kuukuu bado ni mtaji, usiiache iliwe na chumvi

UPEPO wa kusi unapoanza kuvuma kuanzia Aprili na bahari kuchafuka, mashua nyingi za uvuvi wa kitalii za Malindi, Watamu na Shimoni hutia nanga au kupandishwa ufuoni. Wenye mashua huanza kupaka rangi na kufungua injini.

Kifaa kimoja husahauliwa. Ni rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia. Huwekwa stoo na chumvi yake, breki ikiwa imekazwa, hadi kaskazi irejee mwishoni mwa mwaka. Siku mteja wa kwanza anaponasa sulisuli, breki inashika ghafla, mshipi unakatika na samaki anakwenda zake.

Hasara hiyo si ya samaki tu. Mashua nyingi huwatia sulisuli alama na kuwarudisha baharini wakiwa hai, kwa hivyo anachouza nahodha si kitoweo bali ule mvutano wa mteja na samaki. Rili ikikwama, bidhaa yenyewe imeharibika mbele ya mnunuzi.

Wengi hudhani dawa ni kununua rili mpya. Rili kubwa ya baharini ni ghali, na mara nyingi ile kuukuu haina ubaya wowote usioweza kutengenezwa na fundi mwenye bisibisi nzuri na subira.

Chukua mfano wa rili za Penn aina ya Senator. Kampuni ya Penn ilianzishwa na Otto Henze mjini Philadelphia, Marekani, mwaka wa 1932, na Senator zikaanza kuuzwa miaka michache baadaye. Umbo lake la ndani halijabadilika sana. Kila kipuri kina namba yake, na vipuri vya modeli nyingi za kale bado huweza kuagizwa. Si ajabu kuikuta rili iliyomzidi umri nahodha wake ingali kazini.

Fundi wa cherehani ataielewa kazi hii upesi. Kwanza legeza ile nyota ya breki, toa hendeli, kisha fungua skrubu za bamba la upande wa hendeli. Skrubu hazilingani urefu, kwa hivyo zipange juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio zilivyotoka, na upige picha kwa simu kila hatua. Kipuri kidogo kikianguka mchangani, kazi imesimama.

Ndani kuna gia kubwa, na ndani ya gia hiyo ndimo ilimo breki: washa za chuma zikipishana na washa za nyuzinyuzi au ngozi. Hapo ndipo penye maradhi ya rili nyingi. Washa zikiachwa zimebanwa miezi minane hugandamana, na samaki akivuta, mshipi hutoka kwa kurukaruka badala ya kuteleza.

Vipuri vya chuma vioshwe kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Kutu ya kijani kwenye shaba hulainika kwa siki, lakini kwa dakika chache tu, kisha suuza kwa maji matamu na ukaushe kabisa. Washa za nyuzinyuzi zisiguswe na mafuta ya taa wala grisi ya kawaida. Zifutwe kwa kitambaa kikavu, na zilizochakaa zibadilishwe. Wanaotafuta breki laini zaidi hutia washa za kaboni, ambazo huvumilia joto na huweza kupakwa grisi maalumu ya breki kidogo sana.

Usikipuuze kile kizuizi kidogo cha chuma na springi yake, kinachozuia hendeli isirudi nyuma. Ncha yake ikishalika, hendeli huzunguka kinyume kwa kasi samaki anapovuta, na huweza kuvunja vidole vya mteja. Springi nayo ibadilishwe mara tu inapoonyesha kutu, kwa kuwa ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini katika rili nzima.

Grisi ya baharini ipakwe kwenye meno ya gia na nyuzi za skrubu, nayo beringi itiwe tone moja la mafuta mepesi. Unaporudisha skrubu, kaza taratibu na kwa zamu. Mabamba ya rili za kale ni ya bakelaiti, na hupasuka yakilazimishwa.

Kisha mshipi. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kuona, kwa sababu manahodha wengi hung'oa mshipi wote na kununua mwingine.

Nailoni huharibiwa na jua na msuguano, lakini sehemu iliyolala chini ya bobini mara nyingi haijawahi kuona jua. Tuseme rili inabeba mita 400 na zilizochoka ni mita 150 za mwisho. Kata zile mita chache zilizokwaruzika kabisa, kisha hamishia mshipi wote kwenye rili nyingine ya ukubwa ule ule. Uliokuwa chini huja juu, na hakuna fundo lililoongezwa. Mashua yenye rili sita itakuwa imeokoa zaidi ya mita 2,000 za mshipi msimu huo.

Hila hiyo hufanyika mara moja tu kwa mshipi mmoja. Na kwa rili ya kuvulia nduaro, ambaye huweza kuumaliza mshipi karibu wote kwenye bobini, ni busara kutia mpya na kuutumia wa zamani kwenye rili za nguru na jodari wadogo.

Mshipi uviringwe ukiwa umevutwa, kwa mtu wa pili kuushika kwa kitambaa chenye maji. Ukilegea, tabaka la juu huzama katikati ya tabaka la chini na kunasa. Ukivutwa kupita kiasi, nailoni hunyooka na baadaye hujikunyata, ikaipasua bobini ya plastiki. Acha nafasi ya milimita tatu hivi chini ya ukingo. Anayetumia mshipi wa kusukwa aanze na mita kadhaa za nailoni, la sivyo mshipi wote utazunguka juu ya bobini bila kushika.

Breki ipimwe kwa mizani ya springi. Kawaida ni robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa ratili 50, yaani takriban kilo 23, unataka breki ya kilo 6 hadi 7 na nusu. Kukisia kwa mkono hakutoshi.

Kwa fundi, mtaji wa kuanzia ni mdogo: bisibisi zinazolingana na skrubu, spana ndogo, grisi, mizani, na akiba ya washa na springi za modeli mbili tatu zinazopatikana bandari yake. Afadhali atoze kwa kila rili kuliko kwa siku, na gharama ya vipuri iandikwe kando ili mwenye mashua aone alicholipia.

Atakayenunua rili kuukuu ili aitengeneze na kuiuza azungushe kwanza bobini ikiwa huru na kusikiliza. Mkwaruzo wa beringi hutibika. Bamba lililopasuka au fremu iliyotobolewa na chumvi humaliza faida yote.

Vipuri viagizwe kabla ya Julai. Huchukua majuma kadhaa kufika, na ifikapo Novemba mashua zinataka rili zake.