Utafiti Urejee Visiwani

Kila mwaka ndugu zetu wa Unguja na Pemba huvuka bahari kwenda Mlimani, Dar es Salaam, kutafuta shahada ya uzamili au ya uzamivu. Wengi wao ni watumishi wa Serikali walioacha ofisi na watoto nyuma yao. Tunawatakia kheri. Lakini leo tunapenda kuuliza jambo lisiloulizwa katika shangwe za mahafali: je, kazi waliyoiandika inakwenda wapi?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam si mgeni kwetu. Kilianza mwaka 1961 chini ya Chuo Kikuu cha London, mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, na mwaka 1970 kikajitegemea. Mwaka 1978 kikaweka Taasisi yake ya Sayansi za Bahari hapa hapa Unguja, ambako mtu huweza kusomea shahada za juu bila ya kuipa kisogo pwani anayoichunguza. Hiyo ni bahati ambayo visiwa vingi duniani havina.

Na tuutazame mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, na mikono inayoufunga mwani kwenye kamba ni ya wanawake zaidi. Aina ya kotonii, ambayo ndiyo yenye bei, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi; spinozamu huvumilia, lakini bei yake ni duni. Watafiti wamepima joto la maji, wamechunguza maradhi yanayoufanya mwani uwe mweupe na kukatika, tena wamejaribu kuulima katika kina kirefu zaidi. Elimu hiyo ipo. Mama wa Paje aliyesimama ndani ya maji ya magoti akijibu maswali ya mwanafunzi, na huku bahari inajaa, ana haki ya kuipata. Lakini tasnifu imeandikwa kwa Kiingereza, imejaa majedwali, nayo imelazwa katika maktaba asiyoingia.

Wala asituambie mtu kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba mzigo huo. Pale pale Mlimani, wanafunzi wa Kiswahili huandika na kutetea tasnifu zao kwa Kiswahili, na shahada zao hazipungui uzito. Neno uzamivu lenyewe ni letu sisi watu wa bahari: mzamivu ni apigaye mbizi. Hatujapata kumsikia mzamivu aliyesifiwa kwa kubaki chini.

Hatumlaumu mwanafunzi peke yake. Kanuni za masomo humtaka awaridhishe watahini, si wakulima. Fedha zake ni haba, na muda humwishia. Maofisa wetu nao wana sehemu yao. Mtumishi hupewa ruhusa ya masomo kwa miaka kadhaa, hulipwa mshahara, kisha hurejea na kuwekwa kwenye meza ile ile aliyoiacha, na hakuna mkuu wake anayemwomba japo ukurasa mmoja wa aliyoyagundua. Hapo Serikali imegharimia shahada, haikupata elimu.

Dawa yake haihitaji kamati. Mtafiti hawezi kuingia shehia bila ya kibali, na kibali kinatolewa na Serikali yenyewe. Basi na iandikwe ndani ya kibali hicho kwamba, kazi ikimalizika, mtafiti atawasilisha muhtasari wa Kiswahili wa kurasa chache, nakala moja kwa Wizara inayohusika na nyingine kwa Sheha. Na kwamba atarudi siku moja kuusoma barazani mbele ya wale waliomjibu, wapate na wao kumuuliza. Gharama yake ni karatasi chache na nauli ya daladala hadi Paje.