Brashi ya Kunyolea: Tusafishe au Tutupe?

Vikundi vingi vya vijana vimefungua kinyozi sokoni, na swali hili hutokea: ile brashi ya sabuni ikichakaa, tufanyeje?

Nywele zake zikiwa ngumu na kushikana, msiitupe. Hiyo ni sabuni iliyoganda pamoja na chumvi ya maji magumu. Changanyeni siki kidogo na maji ya uvuguvugu, lowekeni nywele peke yake kwa dakika chache, suuzeni, kung'uteni, halafu itundikeni nywele zikielekea chini. Msiichemshe, gundi itaachia.

Itupeni ikiwa inamwaga nywele kila siku, mpini umepasuka, au inanuka uvundo hata baada ya kuoshwa.

Lakini ikishika damu, au ikipita kwenye choa, itupeni hata kama ni mpya. Siki huondoa sabuni tu. Haitoshi kuua viini vya homa ya ini. Wakati wa vita vya 1914-1918, brashi za nywele za farasi zisizotiwa dawa ziliwaambukiza watu kimeta huko Uingereza na Marekani.

Ushauri wetu ni huu: kila mteja awe na brashi yake, ama kinyozi anawe mikono na apake sabuni kwa vidole. Kikao kijacho, ileteni brashi yenu muikague pamoja.