Pampu ya Joto na Siri ya Tarakimu Zake

Mtu akipitisha mkono nyuma ya jokofu linalofanya kazi atahisi vuguvugu. Sehemu kubwa ya joto hilo imetoka ndani, katika maziwa na nyama iliyowekwa humo, kwani jokofu halitengenezi baridi bali huhamisha joto. Pampu ya joto inayopasha nyumba katika nchi za baridi ni jokofu lile lile lililogeuzwa: huchota joto katika hewa ya nje na kulimwaga sebuleni. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alilieleza wazo hili mwaka 1852.

Je, hewa ya nyuzi sifuri ina joto la kuchotwa? Inalo tele, joto humalizika kwenye nyuzi 273 za Selsiasi chini ya sifuri. Mabombani mna kiowevu kinachochemka hata penye baridi kali. Hewa ya nje hukigeuza kuwa mvuke. Kompresa huukandamiza mvuke huo hadi ukapita joto la chumba. Nao hutoa joto lake ndani na kurudi kuwa kiowevu.

Hita ya kawaida hutoa uniti moja ya joto kwa kila uniti ya umeme. Pampu njema hutoa tatu. Kanuni ya hifadhi ya nishati haijavunjwa: uniti mbili zimetoka hewani. Lakini kadiri nje kunavyozidi baridi, ndivyo uwiano huo unavyoshuka. Ikiwa joto linatolewa kwa nyuzi 35 na nje ni sifuri, kikomo cha nadharia ni 308 kugawanywa kwa 35, yaani 8.8. Nje ikishuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, kikomo ni 5.6. Mitambo halisi kwa kawaida haifiki hata nusu ya hapo.

Kwa hiyo hutafutwa wastani wa majira yote ya baridi, na hapa ndipo mnunuzi anapopotea. Kipimo cha Ulaya, SCOP, ni uwiano mtupu. Kipimo cha Marekani, HSPF2, kilichoanza kutumika mwaka 2023, hugawanya joto lililohesabiwa kwa Btu kwa umeme uliohesabiwa kwa wati-saa. Wati-saa moja ni sawa na Btu 3.412. Basi pampu yenye HSPF2 ya 7.5 haizidishi umeme mara saba na nusu, 7.5 kwa 3.412 ni 2.2 tu. Muuzaji, bila shaka, hana haraka ya kufanya hesabu hiyo.

Tuseme uniti ya umeme ina bei mara nne ya uniti ya gesi, na tanuri la gesi hupoteza sehemu moja katika kumi. Joto la gesi litagharimu 1.1, la pampu hii 1.8. Bei ya umeme ikiwa mara mbili tu, pampu itagharimu 0.9, nayo itashinda.