Misuli ya Nyonga Nayo Hufundishwa

Katika Wilaya ya Rusizi, nchi iliyojulikana zamani kama Cyangugu, si ajabu kumwona mama aliyejifungua majuzi akirudi kwenye mashamba ya mpunga ya Bugarama, au akipanda kwenda soko la Kamembe, mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Baadhi ya akina mama hao hugundua kwamba wakikohoa, wakicheka au wakiinua mzigo, mkojo huwatoka bila ya ridhaa yao. Wengi hunyamaza kwa haya. Wengine huambiwa kuwa hiyo ndiyo desturi ya uzazi. La hasha! Hayo ni maradhi, nayo yana tiba.

Chini ya nyonga pana tandiko la misuli lililotandwa kutoka mfupa wa kinena hadi kifandugu. Misuli hiyo hubeba kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo, tena hufunga njia za haja ndogo na kubwa. Mimba na uzazi wa taabu huweza kuilegeza au kuichana. Wanaume nao wanayo, na yule aliyepasuliwa tezi ya kiume huweza kupatwa na shida iyo hiyo.

Mnamo mwaka 1948, daktari wa Marekani, Arnold Kegel, alieleza kwa maandishi namna misuli hiyo inavyoweza kuimarishwa kwa mazoezi. Mgonjwa huikaza na kuivuta juu, kama mtu anayezuia mkojo na upepo; huishikilia kwa sekunde chache bila ya kuziba pumzi, kisha huilegeza kabisa. Hurudia mara nane au zaidi, mara tatu kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Askari haoni ugeni katika jambo hilo, maana hakuna kuruta aliyejua kulenga shabaha kwa siku moja.

Hata hivyo, kukaza si dawa ya kila mtu. Wako ambao misuli yao imekakamaa na kuwaletea maumivu. Hao hufundishwa kuilegeza. Ndiyo maana mtaalamu wa tiba ya viungo huuliza na kupima kwanza. Naye hamgusi mgonjwa kabla ya kumweleza atakalofanya na kupata idhini yake. Mgonjwa anaweza kukataa, au kuomba mwenzake awepo.

Idhini hiyo ina uzito wa pekee katika eneo hili. Ng'ambo ya mto Ruzizi, mjini Bukavu, iko Hospitali ya Panzi iliyoasisiwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Humo wametibiwa maelfu ya wanawake waliobakwa na watu wenye silaha, pamoja na wale waliopata fistula kwa uzazi wa taabu. Fistula ni tundu linalotoboka kati ya njia ya uzazi na kibofu au utumbo. Mazoezi hayazibi tundu hilo; hiyo ni kazi ya mpasuaji. Lakini baada ya tundu kuzibwa, baadhi ya wanawake huendelea kuvuja kwa kuwa misuli yao imedhoofu. Hapo ndipo mazoezi yanapohitajika. Mjini Goma, Hospitali ya HEAL Africa iliyafanyia majaribio mafunzo hayo kwa wagonjwa wa fistula, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 2014.

Je, askari wa jeshi na wa polisi anahusikaje? Mara nyingi yeye ndiye mtu wa kwanza wa serikali kukutana na mwanamke aliyeumizwa. Kituo cha Isange, kilichoanzishwa mwaka 2009 katika Hospitali ya Polisi ya Kacyiru, Kigali, kiliweka pamoja matibabu, ushauri na msaada wa sheria. Lakini mwanamke anayenuka mkojo, akichekwa mlangoni au kuhojiwa mbele ya watu, hatarudi tena, wala hatamfikia daktari.

Kadhalika, askari anaye mke, dada au mama nyumbani. Akisikia kwamba mmoja wao anavuja, amhimize aende kituo cha afya kilicho karibu, ili akihitaji apelekwe hospitali kama Gihundwe au Mibilizi. Wala askari mwenyewe asijifiche, kwani maradhi hayo hayatambui cheo.