Mgongo Unapolala Katikati ya Kitanda

Waulize wenzako wa ofisini kinachowasumbua. Nusu watakwambia hela, nusu watakwambia mgongo. Na si wazee hao, ni watu wa miaka 28, 32, 35, wenye shahada zao na gari la mkopo. Tunakaa kwenye kiti saa nane, halafu saa mbili nyingine kwenye foleni, na tukifika nyumbani tunajikunja kwenye kochi, shingo imeinama kwenye simu. Mwili gani utavumilia?

Kwenye kurasa hizi tumeshaongea mengi kuhusu kinachovuruga mapenzi: pesa, wakwe, simu zenye namba za siri. Maumivu hatuyagusi. Lakini mtu anayeumwa miezi sita mfululizo halali vizuri, na asiyelala vizuri ana hasira za karibu. Ukimgusa anashtuka. Ukimwambia mtoke Jumamosi anasema amechoka. Mwenzake naye, kwa kuwa hajaambiwa kitu, anaanza kupiga hesabu zake: huyu kanichoka, au yuko mwingine?

Kwetu mgongo ulikaa karibu mwaka mzima. Mume wangu alienda hospitali, akapigwa picha, daktari akasema hakuna kilichovunjika wala kinachohitaji upasuaji. Misuli tu. Akapewa vidonge vya siku chache, na akaambiwa afanye mazoezi na atembee. Mazoezi aliyaacha pale pale getini, vidonge akavioa. Kila wiki ananunua diklofenaki duka la dawa, hakuna anayemuuliza cheti. Siku nilipokuta pakiti tatu tupu kwenye droo ya gari, ndipo nilipoogopa kweli. Dawa ile ikitumika muda mrefu bila daktari inaweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuharibu figo. Na figo, mpenzi msomaji, haziuzwi Kariakoo.

Mfanyakazi mwenzake ndiye aliyemwambia kuhusu akupancha, yaani tiba ya sindano za Kichina. Nikasema twende wote, yeye na mgongo wake, mimi na maswali yangu.

Wengi wa rika letu tunadhani haya mambo yameingia juzi pamoja na spa. Si kweli. Timu za madaktari kutoka China zilianza kuja Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na baadhi yao walikuja na sindano zao. Nilipomsimulia shangazi yangu alicheka. "Mwanangu, mimi nilichomwa goti Unguja kabla mama yako hajaolewa." Marekani ndiyo waliochelewa. Huko watu wengi walisikia habari hizi mwaka 1971, pale James Reston, mwandishi wa New York Times, alipofanyiwa upasuaji wa kidole tumbo Beijing, kisha akachomwa sindano kutuliza tumbo lililojaa gesi. Akaandika akiwa huko huko. Mwandishi hata akiwa kitandani anatafuta stori!

Basi, tulifika. Mtaalamu aliuliza maswali kama nusu saa. Unalala saa ngapi? Choo kikoje? Kazini kuna nini? Akatazama ulimi, akashika mapigo ya mkono. Kisha akafungua pakiti mpya mbele yetu. Ukiambiwa sindano usifikirie ile ya malaria. Hizi ni nyembamba kama unywele mnene, hazina tundu na hazina dawa ndani. Baadhi aliziweka kiunoni. Nyingine, mume wangu akashangaa, nyuma ya goti.

"Dokta, mimi naumwa mgongo."

"Najua, baba. Tulia."

Anasema hakusikia uchungu wa maana, ila uzito fulani, kama ganzi inayotambaa. Wachina wanaita hali hiyo deqi, na kwao ni dalili kwamba sindano imefika. Baada ya hapo taa ikapunguzwa na akaachwa alale kama dakika 25. Dakika ya kumi nikasikia anakoroma. Mtu ambaye nyumbani anageuka kitandani hadi saa tisa usiku!

Sasa swali lenu nalijua: hivi inafanya kazi au ni kiini macho?

Wachina wa kale walisema kuna nguvu ya uhai iitwayo qi inayopita kwenye njia zake mwilini, na sindano inafungua palipoziba. Njia hizo hakuna aliyezikuta kwenye chumba cha upasuaji. Lakini mwaka 2007 Wajerumani walichapisha matokeo ya utafiti ambao mimi naupenda kwa sababu haumbembelezi mtu. Walichukua wagonjwa 1,162 wenye maumivu ya muda mrefu ya mgongo, wakawagawa makundi matatu. La kwanza walichomwa sindano kwa kanuni za Kichina. La pili walichomwa juu juu, mahali pasipo na maana yoyote, bila kujua. La tatu walipewa tiba ya kawaida ya dawa na mazoezi. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu kundi la kwanza walikuwa asilimia 47.6, la pili 44.2, na la tatu 27.4.

Rudia kusoma hizo namba taratibu. Sindano za kweli na za uongo zilikaribiana sana, na zote ziliipita tiba ya kawaida kwa mbali. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018, uliojumlisha wagonjwa zaidi ya 20,000, ulionyesha kuwa sindano za kweli zinazizidi za uongo, ila kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo kuna kitu kwenye sindano. Na kuna kitu kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, kwenye yale mengine yote: mtu kukusikiliza nusu saa, mikono inayokugusa kwa utulivu, taa hafifu, na wewe kulala kimya bila simu. Ni lini mara ya mwisho ulikaa dakika 25 bila simu, ukiwa macho?

Hapo ndipo akupancha inapokutana na kitu kingine ambacho hakihitaji sindano. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn, msomi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, alianzisha kliniki ya kupunguza msongo kwa wagonjwa ambao hospitali ilishafika mwisho nao. Alichukua tafakari ya Wabudha, akaondoa ya dini, akabakiza zoezi lenyewe: kuwepo pale ulipo, kuangalia pumzi na mwili wako bila kujihukumu. Akaipanga kuwa kozi ya wiki nane. Hivyo asije mtu akakwambia unabadili dini. Muumini wa kanisani na wa msikitini wote wanapumua.

Mwaka 2016, katika utafiti wa watu wazima 342 wenye maumivu ya mgongo, asilimia 61 ya waliopitia kozi hiyo waliweza kufanya shughuli zao vizuri zaidi baada ya miezi sita, ukilinganisha na 44 ya walioendelea na tiba zao za kawaida. Na mwaka 2022 ukatoka mwingine wa watu 276 wenye matatizo ya wasiwasi: kozi ya wiki nane ilifanya kazi karibu sawa na escitalopram, dawa inayotumika sana kwa ugonjwa huo. Kama unatumia dawa hiyo usiiache kwa sababu umesoma hapa. Mwone daktari wako kwanza.

Nyumbani tulianza na dakika kumi. Mnalala chali, macho mmefumba. Unaanza na vidole vya miguu: viko vipi, vina joto, vimekaza? Unapanda polepole, ndama, goti, paja, kiuno. Ukifika panapouma hupakimbii wala hupakasirikii. Unapaangalia tu na kupumua. Akili itakimbia, lazima ikimbie. Yangu ilienda kwenye kikoba, kisha ada ya shule, kisha yule dada wa uhasibu. Ukigundua imeenda, irudishe kwenye pumzi. Kazi yenyewe ni hiyo ya kurudisha, si kuwa na kichwa kitupu. Ila kama umepitia jambo zito, ukimya unaweza kukuletea picha mbaya. Zikikuzidi acha, tafuta mshauri wa kuongea naye.

Baada ya sindano mara sita na mwezi wa kulala chali, mgongo haujapona. Umepungua. Anatembea jioni, diklofenaki ameacha kwa kushauriana na daktari, na usiku analala. Lakini kilichobadilika zaidi kwetu ni namba. Yule mtaalamu alikuwa anamuuliza kila mara: "Leo ni ngapi kati ya kumi?" Tukaichukua. Sasa akiingia mlangoni amenuna namuuliza, "Ngapi?" Akisema saba, najua si mimi wala si chakula, namwachia kochi. Akisema tatu, anaosha vyombo!

Kabla hujaenda, uliza kama mtoa huduma amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Sindano zifunguliwe mbele yako na zitupwe baada ya wewe. Sema mapema kama una mimba, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au una kifaa cha moyo, maana wengine huunganisha sindano na umeme. Alama ndogo ya damu au kizunguzungu ni kawaida. Kubanwa pumzi baada ya kuchomwa kifuani au mabegani si kawaida, kimbia hospitali. Vivyo hivyo kama mgongo umekuja na mguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo, homa au kupungua uzito bila sababu. Hapo siku hiyo hiyo, si kesho.

Na ukikutana na anayekuahidi kwamba sindano zake zinaponya kisukari, saratani au virusi vya UKIMWI, chukua mkoba wako, muage kwa heshima, na udai hela yako.