Je, Wajua? Rimu Kubwa na Springi Fupi

Kubadilisha rimu za Subaru Forester kutoka inchi 17 hadi 20 huweza kuipotosha spidomita. Tairi ya 225/60R17 ina kipenyo cha milimita 702 hivi; ya 245/50R20 ina 753. Spidomita huhesabu mizunguko ya magurudumu, hivyo inapoonyesha kilomita 80 kwa saa, gari huwa linakwenda karibu 86.

Springi zinazoshusha gari milimita 30, zikifungwa pamoja na tairi hiyo kubwa, huleta tatizo jingine: nafasi kati ya tairi na madigadi hupungua kwa milimita 55 hivi, na tairi huanza kusugua.

Tairi ya 245/40R20, yenye kipenyo cha 704, hurekebisha spidomita, lakini ubavu wake ni milimita 98 badala ya 135 za tairi ya inchi 17. Katika njia za udongo za Mukuru kwa Njenga, Embakasi Kusini, maji ya mvua huficha mashimo. Huko ubavu mfupi haumezi kishindo: rimu hupinda au kupasuka, na springi fupi hufika mwisho upesi, pigo likaishia kwenye bodi. Kwa njia kama hizo, rimu na springi za kiwandani ndizo salama zaidi.