Neno la Kiingereza: Ni Jina, Kitendo au Sifa?



Mwanafunzi atokaye shule ya msingi, alikofundishwa kwa Kiswahili, huingia Kidato cha Kwanza akakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Taabu yake si wingi wa maneno tu, bali pia kwamba neno moja hufanya kazi mbili au tatu. Napenda kuwaeleza wadogo zangu jinsi ya kutambua kama neno ni jina, kitendo au sifa, yaani nomino, kitenzi au kivumishi.

Katika Kiswahili neno hujitambulisha lenyewe. Kutokana na “chimba” twapata mchimbaji, machimbo na uchimbaji. Umbo lenyewe latuambia kama ni mtu, mahali au kazi. Kiingereza hakifanyi hivyo daima. Sisi wa Nyahanga tu jirani na Buzwagi, ambako mgodi wa dhahabu ulianza kazi mwaka 2009, basi na tulitazame neno “mine”. “The mine is deep”: hapa ni jina, mgodi. “They mine gold”: ni kitendo, wanachimba. “This hoe is mine”: si mgodi wala kuchimba, ni “langu”. Herufi ni zile zile nne.

Kwanza, tazama majirani wa neno. Likitanguliwa na “the”, “a” au “my”, tazamia jina. Likitanguliwa na “can”, “will” au “they”, tazamia kitendo. Likiwa kati ya “the” na jina, mara nyingi ni sifa: “the dry rice” ni mpunga mkavu. Lakini “we dry the rice” ni tunaanika mpunga.

Pili, angalia mpangilio. “Gold mine” ni mgodi wa dhahabu. “Mine gold” ni kuchimba dhahabu. Kiingereza huweka jina mbele ya jina bila “wa” wala “ya”, na lile la kwanza hueleza la pili kama sifa.

Tatu, jihadhari na “s” ya mwisho. “The miners dig”: ni wingi wa jina. “The miner digs”: ni alama ya kitendo cha mtu mmoja.

Nne, sikiliza mkazo. Katika Kiswahili mkazo hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika Kiingereza, “record” ikikazwa mwanzoni ni jina, ikikazwa mwishoni ni kitendo.

Je, haya yana faida gani? Sisi wa Kidato cha Nne twaujua mtihani wa Novemba. Swali likisema “State two uses of gold”, anayedhani “state” ni dola ataandika habari za serikali, na alama zitampita hali jibu analijua. Neno linaloanza amri ni kitendo: taja. “Uses” limefuata hesabu, basi ni jina. Maneno “name” na “account” nayo yana mtego huo huo.

Mzazi asiyejua Kiingereza naye aweza kusaidia wakati wa likizo. Anyoshee kidole neno lolote kitabuni, amwulize mwanawe: “Hapa ni kitu, ni kufanya, au ni kuwa namna gani?” Mtoto akisita, na airudie sentensi nzima.